Mume wangu hawezi tena kukiri. Je, imani yake imekwisha?

Shikamoo Mama,

Barua hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naituma hivi hivi ilivyo.

Nina miaka 47, naishi Morogoro. Mume wangu ni fundi seremala, tuna miaka 22 ya ndoa na watoto watatu. Miaka sita iliyopita alikwenda kupima akakutwa na presha ya kupanda, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Alivimeza bila matata. Kazi yangu ilikuwa kumkumbusha tu, maana akishika randa husahau hata kula.

Mwaka juzi karakana iliyumba. Alitengeneza madawati mengi kwa mkopo wa mbao na mwenye kazi hakumlipa. Akawa mtu wa kukaa gizani sebuleni. Ndipo rafiki yake akamwalika kwenye kikundi cha maombi ya alfajiri. Mama, siwezi kusema uongo, mwanzoni nilishukuru. Alianza tena kuimba akioga. Alianza kutania watoto.

Kiongozi wao wanamwita Mtumishi. Mafundisho yake ni kwamba unachokitamka ndicho kinachokuwa, kwa hiyo mtu asitamke ugonjwa, deni wala hofu. Kila mmoja aliambiwa aandike anachokiamini, akibandike kwenye kioo na kukisoma kila asubuhi. Mume wangu aliandika kwa kalamu ya kupimia mbao: MIMI SI MGONJWA. MIMI NI MSHINDI. MIMI NI TAJIRI. Pembeni akabandika picha ya gari aliyoikata gazetini.

Kwenye kundi lao la WhatsApp walikuwa wakitumiana sauti za mafundisho. Nilizisikiliza nikiosha vyombo. Nyingine zilikuwa neno la Mungu kabisa. Nyingine nilisikiliza mpaka mwisho sikusikia jina la Yesu hata mara moja. Ilikuwa "ulimwengu utakujibu", "vuta unachokitaka", "nguvu imo ndani yako". Na chini yake watu wote wameandika Amina.

Halafu akaacha vidonge. Alisema kumeza dawa ni kukiri ugonjwa. Tuligombana. Siku moja, mbele ya dada mmoja wa kikundi, nilimwambia: "Baba, utakuja kuanguka uniachie watoto hawa." Sikatai, nilisema.

Mwezi wa tatu mwaka huu alianguka karakana. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia haufanyi kazi, na maneno yamepotea. Limebaki neno moja tu, "basi". Akitaka maji ni "basi", akikasirika ni "basi", mtoto akimbusu ni "basi". Lakini anaelewa. Ukimwuliza jambo anatikisa kichwa au anakubali vizuri tu.

Watu wa kikundi walikuja hospitali mara mbili. Mara ya pili walinivuta kando wakaniambia mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi, na mimi ndiye niliyemtamkia kuanguka. Tangu siku ile silali. Wamenitaka sasa nikiri kwamba amepona, bila shaka yoyote moyoni. Nimejaribu. Mdomo unasema, moyo unakataa. Je, mimi sina imani?

Na kuna hili linaloniamsha saa tisa za usiku. Mume wangu alifundishwa kwamba imani ni kukiri kwa kinywa. Sasa kinywa hakina neno. Akiondoka hivi, ameondoka na nini?

Ile karatasi bado ipo kwenye kioo. Kuibandua naogopa. Kuiacha inanichoma kila nikichana nywele.

Mama wa watatu, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana.

Nianze na lile ambalo halihitaji Biblia. Hukumwangusha. Presha ya muda mrefu isiyotibiwa ndiyo sababu kubwa ya kiharusi duniani, nayo hufanya kazi yake kimyakimya. Mtu anajisikia mzima, anaimba bafuni, huku mishipa ya damu ya kichwani inachoka. Kidonge kilikuwa kinaishusha, kidonge kikaachwa, ikapanda. Ulichomwambia ni kile kile ambacho muuguzi yeyote angemwambia. Nimekaa wodini miaka mingi kabla sijaanza kuandika safu hii, na sijapata kuona mtu aliyepata kiharusi kwa sababu mkewe alimwonya.

Sasa huo mstari waliokupiga nao. Ni Mithali 18:21, na upo kweli. Lakini fungua sura yenyewe uone umekaa katikati ya maneno gani. Mstari wa 8 unamsema mchongezi. Wa 13 unamsema ajibuye kabla hajasikia, kwamba ni upumbavu na aibu kwake. Wa 17 ni habari ya watu wawili wenye shauri, wa kwanza anaonekana ana haki mpaka mwenzake aje amhoji. Ni sura ya watu wanavyoishi pamoja na wanavyoweza kuvunjana au kuponyana kwa maneno. Hakuna mahali inaposema sauti ya mke hupasua mshipa wa mume. Ukitaka kuona ulimi unavyoweza kuua, kumbuka ile kona ya hospitali walikokuvuta.

Siwachukii hao ndugu. Nadhani wanaogopa. Mtu akishaamini kwamba kuna kanuni, ukitamka vizuri unapata vizuri, basi mwenzake aliyetamka vizuri kuliko wote akianguka, lazima apatikane mkosaji. La sivyo kanuni imeanguka pamoja naye. Marafiki wa Ayubu walikuwa na kanuni ya namna hiyo, nayo ilikuwa na sauti nzuri ya dini. Ayubu mwenyewe katika sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa. Kwa mafundisho ya kile kikundi, hapo angekuwa amejimaliza. Mwisho wa kitabu Mungu anamwambia Elifazi, mmoja wa marafiki hao, kwamba hasira yake imewaka juu yake na wenzake wawili, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu. Aliyelalamika ndiye aliyesema sawa! Mimi mstari huo huwa nausoma polepole.

Umeniuliza kama huna imani. Hapa nitakaa kidogo, nivumilie.

Lugha yetu ina kiungo kidogo ambacho watu wa zile sauti za WhatsApp wamekidondosha njiani. Kuna kuamini, na kuna kumwamini. Mtu akikuambia "amini tu", mwulize: niamini nini? Nimwamini nani? Mara nyingi hana jibu, kwa sababu anachotaka ni wewe uwe na hali fulani moyoni, moto fulani, na huo moto ndio utakaoleta gari. Ndiyo maana jina la Yesu linaweza kukosekana katika somo zima na watu wakaitikia Amina bila kugundua. Halikuwa likifanya kazi yoyote pale. Sikio lako lilisikia sawa, tena ukiwa umeshika sufuria.

Paulo akiwa kifungoni, na akijua kwamba wakati wa kufariki kwake umefika, alimwandikia Timotheo: "namjua yeye niliyemwamini, na kusadiki ya kwamba aweza kukilinda kile nilichokiweka amana kwake hata siku ile." Hakuandika kwamba anajua atatoka. Anasema anamjua mtu. Na tazama neno amana. Imani, amana, mwaminifu, yote ni ya ukoo mmoja.

Tuseme umeitwa msibani Kilosa na una fedha za kikoba ndani. Unamwachia jirani. Ukiwa ndani ya basi unaweza kuhangaika njia nzima, jasho linakutoka, unajiuliza itakuwaje, na fedha zikawa salama salimini kwa sababu jirani ni mwaminifu. Au unaweza kulala usingizi mnono, unajiambia "ziko salama, ziko salama", ukarudi ukakuta zimeliwa. Usalama wa amana haumo katika utulivu wa aliyeiweka. Umo kwa aliyeipokea.

Kwa hiyo moyo wako unaokataa kusema "amepona" sioni kama umekosa imani. Umekataa kusema jambo ambalo macho yako yanaona si kweli. Baba mmoja katika Marko 9 alimletea Yesu mtoto wake mgonjwa akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Alisema yote mawili kwa pumzi moja, mbele ya umati, na mtoto akaponywa. Hakurudishwa nyumbani akaondoe shaka kwanza.

Najua watakutajia Marko 11, pale pa kuuambia mlima ung'oke ukatupwe baharini, na aminini ya kwamba mnayapokea. Waombe waanze mstari mmoja nyuma, wa 22. Yesu anafungua kwa kusema, "Mwaminini Mungu." Hapo kiungo chetu kipo. Na watakutajia Abrahamu, aliyemwamini Mungu ayatajaye yasiyokuwako kana kwamba yamekuwako. Ni Warumi 4:17. Washuke mpaka wa 19, unaosema Abrahamu, bila kuwa dhaifu wa imani, "alifikiri hali ya mwili wake uliokuwa umekwisha kufa". Alifikiri! Aliutazama ule uzee wa miaka kama mia, akalitazama tumbo la Sara, akayaita kwa majina yake. Hakubandika karatasi ya MIMI NI KIJANA. Tena anayeyataja yasiyokuwako katika mstari ule ni Mungu. Abrahamu kazi yake ilikuwa kumsadiki aliyetaja.

Haya mafundisho ya kwamba ugonjwa ni wazo tu yana historia yake, na haianzii Galilaya. Katika karne ya 19 huko Maine, Marekani, alikuwako fundi saa mmoja, Phineas Quimby, aliyekufa mwaka 1866. Yeye alifundisha kwamba ugonjwa hutoka katika imani potofu akilini, na ukiirekebisha akili mwili unafuata. Wazo hilo lilitembea, likavaa suti, likaingia makanisani. Sitaki kukuchosha nalo. Wala sisemi kufikiri vizuri ni dhambi. Mgonjwa mwenye matumaini hufanya mazoezi kuliko aliyekata tamaa, nimewaona kwa macho yangu, na ule uimbaji wa bafuni ulikuwa zawadi njema, usiufute katika kumbukumbu zako. Ila fikra njema ni kama chumvi. Ikikosekana chakula hakipiti, lakini hakuna aliyewahi kushiba chumvi.

Hata neno kukiri limehamishwa kutoka nyumbani kwake. Mama yangu aliokoka Bukoba enzi za uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukavuka Uganda ukafika kwetu. Kukiri kwa walokole kulikuwa kwa namna mbili. Ulimkiri Yesu kuwa ni Bwana, na uliyakiri makosa yako. Mtu alisimama mbele ya watu akasema nilimwibia fulani, kisha akaenda akarudisha. Mama alituhadithia habari ya mwanamume aliyerudisha jembe lililokwisha kulika mpaka limebaki kama kijiko. Watu walicheka, naye akalia. Sasa tumefika mahali mtu "anakiri" gari. Neno ni lile lile, lakini zamani lilimteremsha mtu, siku hizi linampandisha.

Na sasa saa tisa za usiku.

Fungua Marko 2. Yesu yumo nyumbani Kapernaumu, mlango umejaa watu. Wanakuja wanne wamembeba mwenye kupooza. Wanashindwa kupita, wanapanda juu, wanatoboa dari, wanamteremsha na godoro lake mbele ya Yesu. Imeandikwa: "Naye Yesu, alipoiona imani yao, akamwambia yule mwenye kupooza, Mwanangu, umesamehewa dhambi zako." Soma habari yote mpaka mwisho, mstari wa 12. Yule mgonjwa hasemi neno hata moja, wala "basi". Alipooza, alibebwa, aliitwa mwanangu.

Mume wako alipokuwa na maneno, kwa muda fulani aliyatumia vibaya, kwa kufundishwa vibaya. Sitaficha hilo. Lakini hakuokolewa na maneno yale hata siku moja, kwa hiyo hayakuondoka na wokovu wake. Kama alimwekea Bwana amana miaka ile kabla ya karatasi na picha ya gari, aliyeipokea hakupata kiharusi. Warumi 8:26 inasema hatujui kuomba jinsi itupasavyo, lakini Roho mwenyewe hutuombea "kwa kuugua kusikoweza kutamkwa". Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili, maana kuugua ni kuguna kwa uchungu, na kuugua ni kuwa mgonjwa. Huyo mzee wako anafanya yote mawili. Na ile Waebrania 11:1 wanayoipenda sana, ukiifungua utaona inaanza na neno lake: "Basi imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo." Nimecheka peke yangu nilipoligundua. Msomee siku moja, pengine naye atacheka.

Uponyaji uombe. Yakobo 5 inasema aliye mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Nenda kwa mchungaji wa usharika wenu mwambie waje nyumbani. Mungu anaponya, nimeona wagonjwa waliotoka wodini tukabaki tunatazamana. Na kuna wasiopona. Paulo aliyeponya wengi aliandika katika barua ile ile ya amana, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi," yaani akiwa mgonjwa. Amemtaja kama mtu anavyotaja mzigo aliouacha stendi, bila kumlaumu Trofimo na bila kujieleza. Wakija wazee, ombeni kwa uwazi kabisa mnachokitaka, kisha semeni lile aliloomba Yesu mwenyewe kule Gethsemane baada ya kusema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa: si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe. Wapo watakaokuambia sala hiyo ni ya wenye imani haba. Waulize kama wamesikia ilikotoka.

Vidonge visikosekane tena. Aliyewahi kupata kiharusi yuko hatarini kupata kingine, kwa hiyo arudi kliniki, apimwe presha, apewe dawa za hali aliyonayo sasa; msirudie tu zile za zamani zilizobaki kabatini. Ulizia mazoezi ya viungo mapema, usingoje mkono ukakamae. Akipaliwa anapokula au kunywa, waambie hospitali. Unapoongea naye zima redio, tumia sentensi fupi, swali moja moja, kisha ungoje. Ngoja kuliko unavyoona inafaa. Watoto wasimmalizie maneno. Na jaribuni kuimba naye zile tenzi alizozijua tangu utoto, kwa sababu watu wengi waliopoteza maneno kwa kiharusi bado huweza kutoa maneno ya wimbo wa zamani ambayo hawawezi kuyasema. Usishtuke ukisikia ubeti mzima kutoka kwa mtu wa neno moja. Wala usikimbilie kutangaza muujiza, au kukata tamaa wimbo ukiisha na "basi" ikarudi.

Kuhusu kikundi, hulazimiki kugombana nao. Wakija kusalimia, wakaribishe chai. Wakianza habari ya ulimi wako, waambie mgonjwa anahitaji kupumzika, nayo ni kweli.

Ile karatasi usiibandue wewe. Ni yake, na umesema anaelewa. Kaa naye mbele ya kioo, mwonyeshe, mwulize kama anataka itoke. Akikubali, itoeni pamoja, yeye kwa mkono wake wa kushoto. Akikataa, iache, na chini yake weka rafu ndogo, wanawe wa fundi hawatashindwa kuipigilia, uweke hapo kikombe cha maji na kidonge cha asubuhi.